Mrija na Zumari: Walinzi wa Ndege Inayotua

Juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tumeliona kwa macho lakini hatukuliuliza sababu yake.

Mtu akisimama kando ya kiwanja cha ndege cha Ifakara huiona ndege ndogo ikitokea mbali, milima ya Udzungwa ikiwa nyuma yake. Inavuka mashamba ya mpunga, inapunguza mwendo, inashuka polepole, kisha magurudumu yanagusa ardhi na vumbi linatimka. Watazamaji husema, "Sasa imepunguza mwendo, hatari imekwisha." Kumbe sivyo. Gari likipunguza mwendo huwa salama zaidi. Ndege ikipunguza mwendo ingali hewani, huusogelea mpaka ambao ikiuvuka huanguka, hata kama injini yake ni nzima, mafuta yapo na rubani yu macho.

Mpaka huo hauonekani. Haukuchorwa ardhini wala angani. Ndiyo maana wataalamu walitengeneza walinzi wawili wa kumwambia rubani yuko umbali gani nao. Mlinzi wa kwanza ni mrija mwembamba unaopima kasi ya hewa. Wa pili ni king'ora kinacholia bawa linapokaribia kushindwa, na katika ndege nyingi ndogo king'ora hicho ni zumari hasa. Hao ndio wageni wetu leo.

Kwanza tulielewe bawa lenyewe. Ndege haibebwi na injini. Kazi ya injini ni kuivuta au kuisukuma mbele, na kinachoibeba ni hewa inayopita juu na chini ya mabawa. Abiria wa TAZARA ambaye, akiwa mtoto, alitoa kiganja dirishani treni ikikata mbuga kati ya Mang'ula na Ifakara, analijua jambo hili bila kusoma darasani. Kiganja kikilala sawasawa, upepo hukipita tu. Akiinua kidogo ukingo wa mbele, mkono mzima hunyanyuliwa juu. Akizidi kuuinua, mkono hunyanyuka zaidi. Lakini akiuinua mno, mkono hauendi juu tena. Hutikisika na kusukumwa nyuma. (Watoto wa leo wasijaribu, maana nguzo za kando ya reli hazina huruma.)

Bawa nalo lina tabia hiyo hiyo. Hewa hufuata mgongo wa bawa vizuri maadamu bawa limeikabili kwa pembe ndogo. Pembe hiyo ikifika kama nyuzi 15 au 16 kwa mabawa mengi ya ndege ndogo, hewa haiwezi tena kuufuata mgongo. Hutengana nao na kuwa vurugu. Hapo tunasema bawa limeachia hewa. Nguvu ya kunyanyua hupungua ghafla, na ndege hushuka. Mara nyingi bawa moja huachia kabla ya jenzake, ikawa ndege inainama upande mmoja na kuanza kujizungusha.

Sasa mwendo unaingiaje hapa? Ndege ikienda kasi, pembe ndogo inatosha kuibeba. Ikipunguza mwendo, rubani hana budi kuinua pua ili pembe iongezeke na kufidia upungufu wa kasi. Kadiri anavyopunguza mwendo, ndivyo pembe inavyokua, mpaka nyuzi zile 15 zinafika. Kwa hiyo kila ndege, ikiwa na uzito fulani, ina kasi ya chini kabisa ambayo inaweza kuruka nayo. Chini ya hapo bawa huachia.

Na hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Kasi hiyo ni kasi ya ndege ndani ya hewa. Si kasi yake juu ya ardhi. Bawa halioni ardhi.

Wavuvi wa mto Kilombero wataniunga mkono kwa haraka kuliko watu wengine. Tuseme mvuvi anapiga kafi, na mtumbwi wake unakwenda kilomita 5 kwa saa ndani ya maji. Mto nao unatiririka kilomita 3 kwa saa. Akipanda mto, mtu aliyesimama ukingoni atamwona akijikokota kilomita 2 tu kwa saa. Akiteremka, yule yule wa ukingoni atamwona akipita mbio kwa kilomita 8. Lakini kafi haijui habari za ukingo. Kafi inakutana na maji yale yale kwa nguvu ile ile, apande au ateremke. Na mvuvi akiacha kupiga kafi, akachukuliwa na mkondo, huona miti ya ukingoni ikipita upesi, lakini mtumbwi haushiki mwelekeo, kwa sababu ndani ya maji hauendi popote.

Tuhamishe mfano huo angani. Chukua ndege ndogo ambayo bawa lake huachia hewa kwenye kilomita 100 kwa saa. Desturi ya marubani ni kukaribia kiwanja kwa kasi inayozidi mpaka huo kwa karibu theluthi moja, yaani kilomita 130 kwa saa. Kuna upepo wa kilomita 20. Akitua kwa kuukabili upepo, ardhi itapita chini yake kwa kilomita 110. Akitua akiwa na upepo mgongoni, ardhi itapita kwa kilomita 150. Bawa limebaki pale pale kwenye 130, lakini macho yanaona mambo mawili tofauti kabisa.

Sasa fikiria rubani aliyezoea kuona ardhi ikipita kwa kilomita 110. Siku moja upepo umegeuka bila yeye kutambua. Anatazama chini, miti na nyumba zinapita mbio, naye anadhani amezidisha mwendo. Anapunguza injini na kuinua pua hadi ardhi ipite kama alivyozoea, kilomita 110. Ameridhika. Lakini toa upepo wa 20 unaomsukuma kutoka nyuma. Bawa lake sasa lina kilomita 90 tu, na mpaka ulikuwa 100. Ndege inaanguka, naye macho yake yalimwambia kwamba mambo ni shwari.

Na hata akiitunza kasi yake ya 130, kutua na upepo mgongoni kuna gharama nyingine. Nguvu ambayo breki zinapaswa kuimaliza hukua kwa mraba wa mwendo juu ya ardhi. Kutoka kilomita 110 hadi 150, nguvu hiyo hukaribia kuwa mara mbili. Kiwanja kilichotosha jana, leo ni kifupi. Ndiyo sababu mfuko wa kitambaa unaopepea juu ya mlingoti kiwanjani si pambo.

Wengine watauliza, "Siku hizi simu ya mkononi inaonyesha mwendo kwa kutumia setilaiti. Kwa nini rubani asitumie hiyo?" Swali ni zuri, na jibu tumekwisha kulipata kwa mvuvi wetu. Setilaiti humwambia mtu mwendo wake juu ya ardhi, ni kama yule mtu wa ukingoni. Rubani anahitaji kuiuliza hewa yenyewe.

Chombo cha kuiuliza hewa kilianzia mtoni. Mwaka 1732 mhandisi mmoja Mfaransa, Henri Pitot, alitaka kujua kasi ya maji ya mto Seine unaopita katika jiji la Paris. Alichukua mrija wa kioo uliopindwa chini, akautumbukiza mtoni, mdomo wake ukikabili mkondo. Maji yaliingia kwa msukumo wa mkondo na kupanda ndani ya mrija kupita usawa wa mto. Kadiri mkondo ulivyokuwa mkali, ndivyo maji yalivyopanda.

Jambo hili linaweza kujaribiwa katika Kilombero leo hii. Pale maji yanapokwenda mita 1 kwa sekunde, maji ndani ya mrija yatapanda kama sentimita 5 juu ya usawa wa mto. Pale yanapokwenda mita 2 kwa sekunde, hayatapanda sentimita 10, bali 20. Kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo huongezeka mara nne. Hiyo ndiyo kanuni.

Ndege nayo hubeba mrija wa Pitot, chini ya bawa au puani, mdomo ukitazama mbele. Hewa inayouingia husukuma. Tundu jingine, lililo ubavuni mahali ambapo upepo haulipigi moja kwa moja, huleta shinikizo la hewa iliyotulia. Chombo cha kupima kasi hulinganisha haya mawili, na tofauti yake ndiyo inayosogeza mshale mbele ya rubani.

Tofauti hiyo ni ndogo kuliko mtu anavyodhani. Kwa ndege inayokwenda kilomita 130 kwa saa, msukumo wa mrijani ungeweza kuinua maji kama sentimita 8 tu. Kwenye kilomita 100 ni kama sentimita 5 kasoro kidogo. Sentimita tatu na ushei ndizo zinazotenganisha kutua salama na kuanguka.

Mrija huu una sifa nyingine nzuri. Hewa ya bonde la Kilombero wakati wa jua kali huwa nyepesi kuliko hewa ya baridi. Hewa nyepesi hubeba bawa kwa shida zaidi, lakini pia husukuma mrijani kwa nguvu ndogo zaidi. Kwa hiyo hasara ya bawa na upungufu wa mrija hwenda pamoja. Mshale ukisoma 100, bawa limefika mpakani, iwe ni alfajiri yenye ukungu au saa nane mchana. Mrija hupima kile kile kinacholibeba bawa, wala rubani hahitaji kupiga hesabu ya joto akiwa anatua.

Hata hivyo mshale hutaka kutazamwa, na wakati wa kutua macho ya rubani yana kazi nyingi. Anatazama kiwanja, miti, na kama kuna ng'ombe mbele. Hapo ndipo anapohitajika mlinzi wa pili, yule anayetumia sikio.

Baada ya vita vya pili vya dunia, Mmarekani aitwaye Leonard Greene alitengeneza kifaa cha kuonya kwamba bawa linakaribia kuachia hewa. Siku hizi vifaa hivyo ni vya namna mbili tatu. Namna moja ni kijibati kidogo kwenye ukingo wa mbele wa bawa. Ndege ikiruka kawaida, hewa hukisukuma chini. Pembe ikikaribia kuzidi, hewa hukisukuma juu, nacho hufunga umeme na kuwasha taa au honi. Katika ndege nyingi kubwa za abiria, usukani wenyewe hutetemeshwa kwa nguvu mikononi mwa rubani, asiweze kusema kwamba hakusikia.

Lakini namna ninayoipenda mimi ni ile ya ndege nyingi ndogo za Cessna, mfano wa 172. Kwenye ukingo wa mbele wa bawa la kushoto kuna tundu. Nyuma ya tundu kuna mrija unaokwenda hadi karibu na sikio la rubani, na ndani yake mna ulimi mwembamba kama ule wa kinanda cha mdomo. Pembe ya bawa ikikua, mahali hapo penye tundu hugeuka kuwa mahali pa kunyonya. Hewa huvutwa kupitia ule ulimi, na zumari hulia. Sauti huanza kwa unyonge, ndege ikiwa imebakiza kama kilomita 10 hadi 20 kwa saa kufika mpakani, na huzidi kupanda kadiri mpaka unavyokaribia. Hakuna umeme, hakuna betri, hakuna kompyuta. Kabla ya safari rubani huweza kuijaribu kwa kuweka kitambaa safi juu ya tundu, akanyonya kwa mdomo, akasikiliza kama zumari inalia.

Angalieni tofauti ya walinzi hawa wawili. Mrija hupima kasi. Zumari huangalia pembe. Kwa nini tuhitaji vyote? Kwa sababu mpaka huhama. Nilisema ndege yetu huachia hewa kwenye kilomita 100, lakini hiyo ni ikiwa inaruka sawasawa. Ikiinama nyuzi 30 ili kupinda, mpaka hupanda kwa asilimia 7. Ikiinama nyuzi 45, hupanda kwa asilimia 19. Ikiinama nyuzi 60, hupanda kwa asilimia 41, yaani ndege ile ile sasa huachia hewa kwenye kilomita 141. Mzigo mkubwa nao huupandisha mpaka. Mshale wa kasi haujui kwamba ndege imepinda au imejazwa magunia. Zumari inajua, kwa sababu yenyewe huiangalia pembe.

Jambo hili lina maana kubwa katika bonde letu. Bonde la Kilombero liliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Ndilo makao ya sheshe, swala anayependa nyasi za pembezoni mwa maji, na ni sehemu ya mfumo mpana unaoungana na Selous. Wanyama wa nchi hiyo kubwa hawahesabiki kwa miguu. Huhesabiwa kutoka ndege ndogo zinazoruka kwa mistari iliyonyooka, kama mita 100 tu juu ya ardhi, watazamaji wakiwa madirishani. Ni kwa hesabu za namna hiyo kwamba taifa lilijua mwaka 2013 kuwa tembo wa Selous na Mikumi walikuwa wamebaki kama 13,000, ilhali katikati ya miaka ya 1970 walikadiriwa kuwa zaidi ya 100,000. Habari hiyo nzito ililetwa na watu waliokaa ndani ya ndege iliyoruka chini.

Katika kazi kama hiyo mtego unajulikana. Kundi la wanyama linaonekana, mtu anasema, "Hebu turudi tuangalie vizuri." Rubani anapinda kwa nguvu, macho yake yakiwa chini kwenye kundi. Upepo unamsukuma kutoka nje ya duara aliyoikusudia, naye anazidi kuinamisha ndege na kuvuta usukani. Mpaka umepanda bila yeye kuuona. Bawa likiachia kwenye mita 1,000, rubani anashusha pua, anaongeza injini, bawa linashika tena, na kilichopotea ni makumi ya mita. Likiachia kwenye mita 100, makumi hayo ya mita yanaweza kuwa ndiyo yote aliyokuwa nayo. Sikio ndilo la kumwokoa, kwa kuwa macho yana shughuli nyingine.

Tugeukie sasa ndege ambazo rubani wake hayumo ndani. Nazo ni za aina nyingi. Kuna watu, hasa Ulaya na Marekani, wanaotengeneza ndege za mfano zinazoendeshwa kwa redio, na miongoni mwao wapo wenye zile za jeti. Msidhani ni vitu vya kuchezea watoto. Ndege kama hiyo huweza kuwa na uzito wa kilo 10, 15 au zaidi, na ndani yake mna injini ya jeti ya kweli inayotumia mafuta ya taa, yenye kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika.

Mwenye ndege hiyo husimama kando ya kiwanja na kuitazama. Matatizo yote tuliyoyataja anayo, tena yamezidi. Rubani aliye ndani huhisi usukani ukilegea na ndege ikitetemeka. Huyu wa chini hahisi kitu. Ndege inapomjia uso kwa uso, haiwezekani kwa macho kukadiria mwendo wake, na anachokiona, kama ilivyo kwa mtu wa ukingoni, ni mwendo juu ya ardhi. Aidha, injini ndogo ya jeti haiitikii upesi. Kutoka mzunguko wa chini hadi nguvu zote huchukua sekunde kadhaa. Kwa ndege inayokuja kwa kilomita 60 kwa saa, sekunde 4 ni mita 67. Akingoja mpaka aione ikianza kuanguka ndipo aongeze moto, moto utafika ndege ikiwa chini.

Kwa hiyo wenye ndege hizo nao huweka mrija wa Pitot, mwembamba kama wa kalamu, puani au kwenye bawa. Kifaa kidogo cha elektroniki hupima msukumo, redio huupeleka chini, na sauti humsomea mwenye ndege mwendo wake sikioni: sabini, sitini na tano, sitini. Namba ikishuka chini ya kiwango alichokiweka, king'ora hulia mkononi mwake. Kazi ya kifaa hicho si nyepesi. Kwenye kilomita 60 msukumo ungeinua maji chini ya sentimita 2. Na kiwango cha king'ora hakifai kukisiwa. Huipandisha kwanza juu sana, akapunguza mwendo taratibu mpaka bawa liachie, akaandika namba, akaongeza theluthi.

Ndege zisizo na rubani zinazofanya kazi kwetu Afrika Mashariki zimelazimika kujibu swali hilo hilo. Nchini Rwanda, tangu Oktoba 2016, kampuni ya Zipline imekuwa ikipeleka damu hospitalini kwa ndege zenye mabawa. Ndege zake za mwanzo hazikuhitaji kutua kwenye njia ndefu. Damu ilishushwa kwa mwavuli, na ndege iliporudi kituoni, ndoano ya mkiani ilinaswa na kamba iliyotandikwa kati ya milingoti miwili. Mwaka 2018, katika Ziwa Victoria, palifanywa majaribio ya kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe. Ndege iliyotumika ilikuwa na mabawa ya safari ndefu, lakini mapangapanga yake yaligeuzwa kutazama juu wakati wa kupaa na kutua, ikashuka wima kama helikopta. Tazameni busara ya njia hizo mbili. Moja inaruhusu ndege ije kwa kasi, ishikwe. Nyingine inaliondolea bawa mzigo kabla halijafika mpakani.

Ndugu wasikilizaji, mpaka hapa mtu angeweza kudhani kwamba ukiwa na mrija na king'ora, mambo yamekwisha. Lakini mlinzi naye huweza kuzibwa mdomo.

Kila mtu wa bonde letu anamjua nyigu yule anayejenga kwa udongo. Akiona tundu, iwe ni tundu la kufuli au mrija wa peni, huona nyumba ya watoto wake. Mrija wa Pitot ni nyumba nzuri mno. Tarehe 6 Februari 1996, ndege kubwa aina ya Boeing 757 ya shirika la Birgenair iliruka usiku kutoka Puerto Plata, Jamhuri ya Dominika. Ilikuwa imeegeshwa kwa siku kadhaa, na mirija yake haikuwa imefunikwa muda wote. Kipima kasi cha rubani mkuu kilionyesha kwamba ndege inakwenda mbio mno, na mitambo ya kujiendesha ikamwamini. Pua ikainuliwa, mwendo ukapungua, usukani ukatetemeka kuonya, lakini marubani walikuwa wamechanganyikiwa kwa kuambiwa mambo mawili yanayopingana. Watu wote 189 waliokuwamo walikufa baharini. Wachunguzi walisema kuwa mrija uliziba, na waliyemshuku zaidi ni nyigu.

Tarehe 1 Juni 2009 ilikuwa zamu ya barafu. Ndege ya Air France iliyotoka Rio de Janeiro kwenda Paris iliziba mirija yake kwa chembe za barafu juu ya Atlantiki. Baada ya muda mfupi mirija ilizibuka, lakini pua ilikuwa imekwisha kuinuliwa mno. King'ora cha kuonya kililia karibu dakika nzima mfululizo, na rubani aliendelea kuvuta usukani. Walikufa watu 228.

Na Machi 10, 2019, msiba ulifika karibu na nyumbani. Ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia aina ya Boeing 737 MAX ilitoka Addis Ababa kuja Nairobi. Kifaa kinachopima pembe, upande wa kushoto, kilisema uongo kwamba bawa linakaribia kuachia hewa. Mtambo wa kompyuta ulikiamini kifaa hicho kimoja na kuisukuma pua chini, tena na tena. Dakika chache baada ya kupaa watu 157 walikuwa wamekufa, na 32 kati yao walikuwa Wakenya. Safari hii zumari ililia bila sababu, na aliyeisikiliza alikuwa mashine.

Basi tufanyeje? Tuwatupe walinzi? La hasha. Mzee mwenye hekima hasikilizi shahidi mmoja. Rubani hufundishwa kwamba kwa pembe fulani ya pua juu ya upeo wa macho, na kwa nguvu fulani ya injini, ndege yake huenda kwa kasi anayoijua. Mshale ukisema jambo jingine, huweka pua na injini pale anapopajua, kisha hutafuta nani anayesema uongo. Akisikia zumari karibu na ardhi, neno la kwanza ni kushusha pembe na kuongeza nguvu. Maswali yatafuata.

Na sisi wa chini tunao wajibu wetu. Ndege inapoegeshwa, mrija wake huvikwa kifuniko chenye utepe mwekundu. Utepe ule si urembo wa kuchezewa na watoto, na rubani ndiye wa kuuondoa kabla ya kuruka. Viwanja vyetu vingi vya udongo na nyasi havina uzio. Anayekatiza na baiskeli, au anayepitisha ng'ombe ndege ikiwa imekaribia, humlazimisha rubani kuinua pua ghafla akiwa na mwendo mdogo, nanyi sasa mnajua maana yake. Anayeongeza gunia moja la mchele juu ya uzito ulioruhusiwa huusogeza mpaka bila kumwambia mtu. Na rubani akighairi kutua, akaongeza moto na kuzunguka upya, abiria wasimnung'unikie kwamba anapoteza muda au hajui kazi. Inawezekana sana ameisikia zumari.

Kwa vijana wa shule wenye kupenda ufundi, nawaachia kazi. Tafuteni mrija mwembamba unaopitisha mwanga, upindeni, mwende kwenye mfereji wa shamba la mpunga pamoja na mwalimu, mkapime maji yanapanda sentimita ngapi. Mkitaka baadaye kurusha kitu chenye injini, kumbukeni kwamba ndege isiyo na rubani huhitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Lakini mrija ndani ya maji hauhitaji kibali, na aliyeuelewa huo amekwisha kuelewa nusu ya kazi ya kutua.